Muulize Mama Mifugo: Je, mbwa anajua amekosa?

SWALI: Shikamoo Mama Mifugo. Mimi ni baba wa watoto 3, nipo Korogwe. Nina kuku wa kienyeji 18 na mbwa mmoja, Tomi. Tangu Februari mayai yanaliwa. Kila nikirudi jioni nikakuta maganda bandani, Tomi naye namkuta kajibanza nyuma ya tangi la maji, kafyata mkia, hataki kunitazama usoni. Mke wangu anasema huyo anajua dhambi yake, kama sivyo angejificha nini? Nimemchapa mara 4, haachi. Mama mkwe, ambaye ni mzee wa kanisa, ananikemea kwamba mnyama hana dhambi na ninampiga bure. Nani mkweli? Mnyama anajua jema na baya? — *Baba wa watatu, Korogwe*

JIBU: Marahaba, baba. Kabla hatujafika kwenye dhambi, nikuulize swali la kipolisi: umemwona Tomi kwa macho yako akila yai? Barua yako haisemi hivyo. Inasema umeona maganda, kisha ukamwona mbwa amejibanza. Mbwa akila yai mara nyingi hula na ganda lake. Kenge, ambao kwenu huko bonde la Pangani si wageni, humeza yai zima. Maganda yaliyobaki ndani ya banda yananifanya niwashuku kuku wenyewe. Kuku akikosa chokaa hutaga yai la ganda laini, likipasuka analionja, akishalionja linakuwa zoea, na wenzake humuiga.

Sasa nikwambie kwa nini nina haraka ya kumtetea mbwa nisiyemjua.

Mwaka 1983 nilikuwa Kilosa, mwaka wangu wa pili kazini, nakaa chumba kimoja chenye bati lililotoboka. Nilikuwa na mbwa mwekundu aitwaye Bosi, niliyeachiwa na bwana mifugo aliyenitangulia. Siku hiyo nilitundika mguu wa mbuzi uliokaushwa juu ya meko, nikaenda joshoni. Joshoni mambo yaliharibika: dawa ilikuja pungufu, wafugaji walikasirika, ndama mmoja alizama tukamtoa amekwisha kufa. Nikarudi jioni, nikaibwaga baiskeli ukutani, nikafungua mlango kwa teke. Kamba inaning'inia tupu. Bosi yuko chini ya benchi, masikio kayalaza, mkia kaufyata, macho kayapeleka pembeni hadi weupe unaonekana. Nilisema maneno yaleyale ya mke wako. Nikamchapa kwa fimbo ya kuswagia ng'ombe.

Siku ya tatu mtoto wa jirani akaniambia alimwona paka shume akiburuta mfupa juu ya bati. Tundu lilikuwa palepale juu ya meko. Nilikuwa nalitazama kila siku na kujiambia nitaliziba Jumamosi.

Bosi alinywea kwa sababu gani basi, kama hakuiba? Alisikia baiskeli. Alisikia mlango.

Miaka 26 baadaye, mwaka 2009, mtafiti wa Marekani Alexandra Horowitz alichapisha jaribio ambalo nilipolisoma niliona kama ananisema mimi. Alichukua mbwa 14 wa nyumbani. Mwenye mbwa anamkataza mbwa wake asile kitafunwa, halafu anatoka chumbani. Huku nyuma, mara mbwa anapewa ale, mara kitafunwa kinaondolewa tu. Mwenyewe akirudi anaambiwa mbwa wake katii au kaiba, na wakati mwingine anadanganywa makusudi. Ikaonekana kwamba ile sura ya "nimekosa" haifuatani na kosa. Inafuatana na kufokewa. Na waliionyesha zaidi pale walipofokewa ilhali hawakula kitu.

Kwa hiyo Tomi anakusoma wewe. Anazisoma hatua zako getini na pumzi zako. Umemchapa mara 4 baada ya maganda kuonekana, naye ameshajua kwamba maganda na baba vikikutana, fimbo iko njiani. Hiyo ni akili, tena si ndogo. Toba sijaiona hapo.

Mke wako atasema: mbona mbele yangu hagusi yai? Hata dereva wa daladala akimwona trafiki hupunguza mwendo. Kujua kinachomkasirisha mkubwa ni jambo moja. Kujua kwamba kitu ni kibaya hata mkubwa asipokuwepo ni jambo jingine. Ila dereva unaweza kumsimamisha ukamuuliza, "Kwa nini?" Atakupa sababu. Pengine atakudanganya, lakini hata uongo wake ni jibu, maana anajua kwamba anadaiwa sababu. Tomi ukimdai sababu utangoja hadi kesho. Mimi nikitaka kujua kama kiumbe anabeba lawama, kipimo changu ni hicho: anaweza kuulizwa kwa nini?

Mama mkwe wako yuko karibu zaidi na ukweli, ingawa Biblia yake ina mstari wa kumsumbua. Kutoka 21:28 inasema ng'ombe akimpiga mtu pembe hata akafa, ng'ombe huyo apigwe mawe na nyama yake isiliwe. Lakini mwambie aendelee mstari wa 29: ikiwa ng'ombe alikuwa na desturi hiyo tangu hapo, mwenyewe akaonywa na asimzuie, basi mwenyewe naye atauawa. Huko ndiko mimi nilikofanyia kazi maisha yangu yote. Nimekaa kwenye mabaraza ya usuluhishi Kilosa nisiyoweza kuyahesabu, mahindi yameliwa, mpunga umekanyagwa, watu wameshika mapanga. Ng'ombe wenyewe walikuwa nje wanacheua. Sijasikia hata siku moja mtu akisema waitwe ndani. Aliitwa mwenye ng'ombe.

Wafaransa wa zamani waliwaita. Huko Falaise, mwaka 1386, nguruwe jike aliyemuua mtoto mchanga alihukumiwa, akanyongwa hadharani. Huko Savigny, mwaka 1457, nguruwe jike mwingine alishtakiwa pamoja na wanawe 6 kwa kumuua mtoto wa miaka 5. Mama alihukumiwa kunyongwa. Wanawe hawakutiwa hatiani kwa kukosekana ushahidi, ingawa walikutwa na damu mwilini. Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza nilicheka. Kisha nikaikumbuka fimbo yangu. Mahakama ya Savigny ilitaka ushahidi. Mimi kwa Bosi sikutaka.

Haya, mayai. Okota mara 2 kwa siku, saa nne na saa nane, usingoje jioni. Viota viweke mahali penye giza, viwe na majani makavu ya kutosha ili yai lisigonge ubao. Wape kuku chokaa: maganda ya mayai yaliyokaushwa na kusagwa laini kabisa, wasiyatambue. Banda lifungwe kwa komeo, si kwa kamba. Ukimfumania Tomi kinywa kikiwa ndani ya kiota, mkemee papo hapo, neno moja kali, basi. Ukimchapa jioni kwa yai la mchana, yeye anajua amechapwa kwa kuwa umerudi nyumbani.

SWALI: Shikamoo bibi. Niko kidato cha tano Dodoma. Tuna mdahalo, mada ni "Wanyama nao wana maadili". Mimi niko upande wa kuunga mkono. Mwalimu wetu wa Biolojia anasema wanyama wanaongozwa na silika tu, kwa hiyo tutashindwa. Nisaidie mifano. — *Mzungumzaji mkuu, Dodoma*

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Mwalimu wako ana hoja, lakini neno "silika" watu hulitumia kama kifuniko cha sufuria: wakishafunika hawaangalii tena ndani. Mama anayeamka usiku mtoto akilia naye anasukumwa na silika, na hatumnyimi sifa kwa hilo.

Jitayarishe, maana upinzani wataanza na Kiswahili chenyewe. Lugha yetu imeshatoa hukumu: wema ni utu, ukatili ni unyama. Tena watakupiga na methali, shukrani ya punda ni mateke. Hapo nitumie mimi kama shahidi. Nimetibu punda wengi waliosemwa kuwa hawana shukrani, na ukiinua tandiko unakuta kidonda cha ukubwa wa sahani, kinatoa usaha. Waliotunga methali ile hawakuinua tandiko.

Mifano iko mingi, wewe chagua michache. Anza na Gombe, kwa sababu ni Kigoma, ni kwetu, na marehemu Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, aliingia pale mwaka 1960, na wenzake waliendelea kuandika habari za sokwe mmoja mmoja kwa majina. Mwaka 1987 sokwe mdogo aitwaye Mel, wa miaka 3 hivi, alifiwa na mama yake katika ugonjwa wa mapafu. Kila mtu alijua atakufa. Akachukuliwa na Spindle, dume la miaka 12 ambalo halikuwa ndugu yake. Spindle akawa anambeba mgongoni, anamgawia chakula, anamruhusu alale naye kiotani usiku, na kumwondoa pale madume makubwa yalipochachamaa, ingawa yeye mwenyewe angeweza kupigwa. Mel akapona.

Lakini usimalizie hapo, maana mpinzani aliyesoma atasimama na kusema: Gombe hiyohiyo. Katikati ya miaka ya 1970 sokwe jike Passion na binti yake Pom walikuwa wakiwapora mama wenzao watoto wachanga na kuwala. Na kati ya 1974 na 1978 madume ya kundi moja yaliwawinda mmoja mmoja wale waliojitenga nao kwenda kusini, hadi kundi lile likaisha. Ukiwasifu sokwe kwa Spindle, utawalaumu kwa Passion? Hilo ndilo swali gumu la mdahalo wako, na ningependa ulitaje mwenyewe kabla hawajalitaja wao.

Mfano wa pili una jina letu. Tarehe 16 Agosti 1996, katika bustani ya wanyama ya Brookfield karibu na Chicago, mtoto wa miaka 3 alitumbukia kwenye zizi la sokwe wakubwa (gorila), zaidi ya mita 5 chini, akapoteza fahamu. Sokwe jike aitwaye Binti Jua (ndiyo, Kiswahili kabisa) alimwendea akiwa na mtoto wake mwenyewe mgongoni, akamwinua, akampakata, akampeleka hadi kwenye mlango ambao watunzaji huingilia. Mtoto alipona. Dunia nzima ililia. Mpinzani atakwambia kwamba Binti Jua hakulelewa na mama yake, kwa hiyo watunzaji walikuwa wamemfundisha ulezi kwa mwanasesere, ikiwemo kumleta mwanasesere huyo karibu nao. Ni kweli. Lakini na wewe ulifundishwa na nani kumsaidia mzee kushuka kwenye basi? Ulizaliwa unajua?

Sijui Chicago kuna nini, maana mifano miwili inayofuata ni ya hukohuko. Mwaka 1964 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern walieleza jinsi kima wa Asia waitwao rhesus walivyofundishwa kuvuta mnyororo ili wapate chakula. Kisha mnyororo mmoja ukaunganishwa na umeme uliompiga kima mwenzake upande wa pili. Wengi waliacha kuuvuta. Mmoja alikaa siku 5 bila kuvuta mnyororo wowote, mwingine siku 12. Njaa ya siku 12, mjukuu wangu! Mimi mfungo wa siku 3 unanitoa machozi. (Na watafiti wenyewe waliokaa wakitazama siku 12, nao ungewauliza kwa nini.) Halafu mwaka 2011, Chuo Kikuu cha Chicago, panya alimkuta mwenzake amefungiwa ndani ya bomba la plastiki, akajaribu siku kadhaa hadi akajua kufungua kimlango. Walipomwekea na bomba la pili lenye chokoleti, alifungua yote mawili, na mara nyingi mwenzake alikuta chokoleti imebaki.

Sasa kuhusu Passion. Hapa ndipo ninapotaka uwe mwerevu kuliko mada yenu. Kuna mwanafalsafa wa Wales, Mark Rowlands, aliyeishi miaka zaidi ya 10 na mbwa mwitu wa nchi za baridi nyumbani kwake. Katika kitabu chake cha mwaka 2012 anasema tutenganishe mambo mawili tuliyoyafunga pamoja: kusukumwa na huruma hadi ukatenda jema, na kuwajibishwa kwa ulilotenda. La kwanza wanyama wanaweza. La pili linamtaka mtu awe na uwezo wa kurudi nyuma, kuitazama ile hamu yake na kujiuliza, je, niifuate?

Ukiona jambo hilo ni falsafa tupu, mtazame mdogo wako wa miaka 2. Anamvunjia biskuti mwenzake anayelia. Huo ni wema, hakuna anayebisha. Anamng'ata mwenzake vilevile, na hakuna anayempeleka mahakamani. Sheria yetu ya Tanzania inasema mtoto wa chini ya miaka 10 hawajibiki kwa jinai. Hatujasema hana moyo. Tumesema bado hajafika umri wa kudaiwa sababu. Spindle namweka hapo, na Passion namweka hapohapo. Mwalimu wako ataniuliza: na mtoto atakua, sokwe je? Hapo amenibana, na wewe atakubana. Mwambie ni kweli sokwe hatafika, ila wema wa mtoto hatuupimi kwa kesho yake.

Ukitaka ukumbi ucheke, malizia na panya wa kwetu Morogoro. Panya buku aitwaye Magawa, aliyezaliwa hapa Tanzania mwaka 2013 na kufundishwa na APOPO, shirika linalofundisha panya kunusa vilipuzi, alikwenda Kambodia akanusa mabomu ya ardhini na vilipuzi vingine zaidi ya 100. Mwaka 2020 PDSA, shirika la kutibu wanyama la Uingereza, likamvisha medali ya dhahabu, ndogo ya saizi yake, inayotolewa kwa ushujaa au utiifu kazini. Panya wa kwanza kuipata. Mafunzo yale nimeyaona kwa macho: panya amevishwa mkanda, anakimbia kando ya kamba iliyoshikwa na watu wawili, akikuna ardhi panapostahili inasikika "tik", na anapewa ndizi. Panya ni mwepesi, bomu halilipuki akilikanyaga. Yeye anajua harufu na ndizi. Anayekuja nyuma yake kulitegua, anayejua mguu unavyokatika, huyo ndiye mwenye ushujaa uwanjani pale. Hata hivyo medali ile siionei wivu. Ni shukrani, na shukrani haimdai mpokeaji sababu.

Ukishinda niandikie. Ukishindwa pia.

SWALI: Assalaam alaykum Mama Mifugo. Nafuga mbuzi Wete, Pemba. Beberu wangu mwenye pembe ndefu amempiga mbuzi jike asiye na pembe, siku ya pili mimba ikatoka. Nimekusudia kumchinja iwe adhabu yake. Ndugu yangu kanikumbusha hadithi ya Mtume (s.a.w.) kwamba Siku ya Kiyama hata asiye na pembe atalipiziwa kwa mwenye pembe. Basi kumbe wanyama nao wana hesabu? — *Mfugaji, Wete*

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Mimi si mwanachuoni, mwulize sheikh wako. Nitakupa nilivyoelezwa na jirani yangu sheikh, kwa miaka mingi ya kuongea ukutani. Hadithi hiyo imo katika Sahihi Muslim, na wanavyuoni kama Imamu Nawawi wameieleza kwamba mnyama si mukallafu, hakuamrishwa wala hakukatazwa, kwa hiyo malipizi yale si ya dhambi. Ni ya kusawazisha. Aliyepigwa pembe atapata haki yake ingawa aliyempiga hana kosa la kuandikiwa.

Nilipolisikia hilo nilikaa nalo siku nyingi. Miaka yote nilikuwa nikiuliza tu nani wa kulaumiwa, na nikikosa wa kulaumiwa nafunga daftari. Kumbe maumivu ya yule asiye na pembe yana hesabu yake hata kama mwenye kosa hayupo.

Ukitaka kumchinja beberu, mchinje kwa ajili ya pilau, usimchinje kwa hukumu. Ukitaka kumbakiza, mtenge na majike wenye mimba, na mvike vipande vya mpira wa bomba la maji kwenye ncha za pembe.

Na nikuulize wewe nilichomuuliza yule wa Korogwe: una hakika ni pembe? Mbuzi kutoa mimba kunaletwa pia na maradhi, mojawapo ni bruselosisi, nayo humpata hata binadamu. Mwite daktari wa mifugo achukue damu ya huyo jike na wenzake. Kondo la nyuma na kijusi usivishike kwa mikono mitupu. Vaa glavu, vichome au vifukie kwenye shimo refu, mbwa asifukue. Maziwa yachemsheni hadi majibu yatoke, na beberu asipande mtu mpaka hapo.

Mbuzi, nilitaka kusema. Asipande mbuzi.